Kompyuta Inayotoka Lakini Haiingiliki

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, kata ya Ipagala imejaa watu ambao kompyuta ndiyo jembe lao. Wapo wanaotoka mitaa ya Ilazo na Swaswa asubuhi kuelekea Mji wa Serikali, Mtumba. Wapo wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaotengeneza programu sebuleni. Wapo wahasibu wanaotunza hesabu za wateja kwenye seva moja iliyowekwa chini ya meza. Wengi wanatumia Linux, au ndugu yake mwingine wa ukoo wa Unix, na mapema au baadaye huulizana swali lile lile: nifanyeje ili niweze kutoka hapa kwenda kwenye mashine nyingine, lakini mtu aliye mbali asiweze kuingia humu?

Jibu la haraka lipo na kila mtu wa TEHAMA analijua: washa faiwoli, kataa kila kinachokuja, ruhusu kila kinachotoka. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo linamaliza nusu ya kazi. Faiwoli inajua nani ameanzisha mawasiliano. Haijui nani anaitawala mashine mawasiliano yakishaanza. Ofisi nyingi zinalala usingizi kwa kudhani hayo mawili ni kitu kimoja.

Tuanze na jambo ambalo wanaoanza huliruka. Kwenye Unix, kutoka na kuingia ni programu mbili tofauti. Ukiandika ssh ili kuifikia seva iliyoko Dar es Salaam, unaendesha programu ya mteja. Anayekupokea upande wa pili ni programu nyingine, sshd, inayokaa macho muda wote ikisubiri wageni kwenye poti namba 22. Kompyuta yako inaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili. Isiyo na sshd wala huduma nyingine ya aina hiyo haina wa kumpokea mgeni, hata kama faiwoli imezimwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka kuzuia watu wasiingie halihusu faiwoli hata kidogo. Ni hili: kuna nini humu kinachosubiri wageni?

Kama mambo yangekuwa hivyo tangu mwanzo, pengine faiwoli isingekuwa na kazi kubwa. Lakini Unix ililelewa kwenye vyuo na maabara ambako watu walijuana. Zana za mbali zilizotoka Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1980, rlogin na rsh, ziliruhusu mashine moja kuiamini nyingine kwa jina tu. Mtumiaji aliandika kwenye faili la .rhosts majina ya mashine anazoziamini, na kuanzia hapo hakuna aliyeulizwa nenosiri. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, programu iliyoandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Marekani, ilisambaa kwenye maelfu ya mashine ikipita, pamoja na njia nyingine, humo humo kwenye kuaminiana. Telnet nayo ilisafirisha nenosiri likiwa wazi. Yeyote aliyekaa katikati ya njia aliweza kulisoma. Mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kuibwa kwa mtindo huo kwenye mtandao wa chuo chake huko Helsinki, Tatu Ylönen aliandika SSH. Mwaka 1999 watu wa OpenBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, walitoa OpenSSH, ambayo leo imo kwenye karibu kila Linux unayoiona Dodoma.

Ugumu wa kutenganisha kutoka na kuingia ulikuwa wa kweli zamani, na inafaa kuuelewa kwa sababu masalia yake bado yapo. Chukua rsh. Ulipoitumia kutoka nje, mashine ya mbali ilifungua mawasiliano ya pili kurudi kwako ili ikuletee ujumbe wa makosa. Ukizuia kila kinachoingia, amri yako ya kutoka inakwama. FTP ya zamani ilikuwa vile vile: wewe unaomba faili, seva inakufuata kutoka poti 20 na kukukabidhi. Wasimamizi walilazimika kuruhusu chochote kinachotoka poti 20, na wavamizi wakajifunza haraka kuanzia mashambulizi yao kwenye poti hiyo hiyo. Programu za picha za X nazo zilikuwa na maajabu yake: unaingia kwenye mashine ya mbali, unafungua dirisha huko, na mashine hiyo inarudi kugonga kompyuta yako kwenye poti 6000 ili ikuchoree. Kwa zana hizo, anayetaka kutoka bila kuingiliwa alikuwa akidai kitu ambacho zana zenyewe hazikuweza kumpa.

Suluhisho la kwanza lilikuja kwa kuangalia alama. Kwenye TCP, pakiti ya kwanza ya mawasiliano hubeba alama ya SYN peke yake. Zote zinazofuata hubeba ACK. Ruta ikiambiwa ikatae pakiti za SYN tupu kutoka nje na ipitishe zenye ACK, basi wa nje hawezi kuanzisha mazungumzo, ila majibu ya wa ndani yanapita. Werevu mzuri, wenye matundu mawili. Mtu anaweza kughushi pakiti yenye ACK na kuitumia kupapasa mtandao wako. Na UDP, ambayo ndiyo hubeba maswali ya DNS, haina alama hizo kabisa.

Suluhisho la pili ndilo tunalotumia leo: kumbukumbu. Keneli yenyewe inaweka daftari la mawasiliano yaliyoanzishwa kutoka ndani, kama mlinzi wa geti anayeandika kila aliyetoka nyumbani na kumfungulia anaporudi, huku mgeni asiye kwenye daftari akibaki nje. Linux iliipata kazi hii kikamilifu kwenye keneli 2.4, Januari 2001, kupitia iptables. OpenBSD ilitoa PF mwaka huo huo. Na nftables, inayochukua nafasi ya iptables, iliingia kwenye keneli 3.13 mwaka 2014. Kanuni zinazohitajika ni chache mno: ruhusu mashine izungumze na nafsi yake kwenye njia yake ya ndani iitwayo lo, ruhusu yaliyoko kwenye daftari, kataa yaliyobaki yanayoingia, ruhusu yanayotoka. Ukisahau hiyo ya kwanza, programu za ndani zinaanza kukwama kwa njia ambazo utazitafutia sababu mchana kutwa.

Kanuni hizo zina jirani mmoja anayesahaulika, ICMP. Wengi huizuia yote kwa kuogopa ping. Kwenye IPv4 utalipa kwa kurasa zinazoning'inia bila kufunguka, kwa sababu taarifa kwamba pakiti ni kubwa mno haifiki. Kwenye IPv6 utalipa zaidi: bila ICMPv6 mashine haiwezi hata kumtambua jirani yake wala ruta, na hapo umeua pia kutoka, ambako ulitaka kubaki nako.

Sasa turudi chini ya ile meza ya mhasibu. Kabla ya kugusa kanuni yoyote, mtu aandike ss -tlnp, amri inayoonyesha huduma zinazosubiri wageni, na asome kwa utulivu. Akiona 127.0.0.1:5432, hiyo ni hifadhidata ya Postgres inayosikiliza ndani ya mashine tu, iachwe. Akiona 0.0.0.0:22, hiyo ni sshd inayompokea yeyote kutoka anwani yoyote ya IPv4. Akiona [::]:22, ni huduma hiyo hiyo kwa upande wa IPv6, na hapa ndipo watu huumia: kanuni za iptables hazigusi IPv6 kabisa. Yenyewe ina ip6tables yake. Mtu amefunga dirisha moja kwa makini na la pili liko wazi, na siku mtoa huduma atakapowasha IPv6 kwenye laini yake hakuna atakayemjulisha. Kwenye nftables, jedwali la aina ya inet hushika zote mbili kwa pamoja. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuhama.

Akishaona sshd na akaamua haihitaji, aizime kisha aizuie isijiwashe tena. Kwenye Ubuntu za kuanzia 22.10 kuna mtego: anayesikiliza poti 22 ni systemd, msimamizi wa huduma za mashine, kupitia ssh.socket, naye huiamsha sshd mgeni anapofika. Ukizima ssh.service pekee, unaona imekufa, unaondoka ukiwa na amani, na mgeni wa kwanza anaifufua. Zima socket pia, kisha rudia ss uone kwa macho yako kwamba mstari ule umetoweka.

Docker, zana ya kuendesha programu ndani ya makontena, ina mtego unaofanana na huo. Ukichapisha poti ya kontena kwa -p 8080:80, Docker inaandika kanuni zake zinazogeuza njia ya pakiti kabla haijafika mahali ambapo ufw, zana ya faiwoli ya Ubuntu, inakagua. Ufw itakuambia kila kinachoingia kimekataliwa, na kontena litajibu dunia nzima. Dawa ni kuchapisha kwa -p 127.0.0.1:8080:80. Jambo hili lifundishwe siku ile ile mtu anapofundishwa Docker, kwa sababu vijana wengi wanaojenga mifumo hapa mjini wanaanza nayo kabla hawajaijua faiwoli.

Zipo njia nyingine za kuzuia kuingia ambazo hazihusu mtandao. Faili la /etc/nologin huzuia kila mtumiaji wa kawaida, pamoja na yule aliyekaa mbele ya kioo, kwa hiyo linafaa siku ya matengenezo tu. Moduli ya pam_access ni bora zaidi: kupitia /etc/security/access.conf unaweza kusema watumiaji hawa waingie wakiwa kwenye mashine yenyewe, na wakitokea mbali wakataliwe. TCP Wrappers, iliyoandikwa na Wietse Venema huko Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliwahi kuwa tegemeo kuu. OpenSSH iliacha kuitumia kwenye toleo la 6.7 mwaka 2014, hivyo anayeandika kanuni zake kwenye hosts.deny leo akague kama kuna anayezisoma.

Kwa nini basi nyumba nyingi za Ipagala hazijavamiwa, wakati wengi hawajafanya hata moja ya haya? Sehemu kubwa ya jibu ni bahati. Anayetumia bando la simu au rauta ya 4G mara nyingi hapewi anwani ya umma. Mtandao wa simu humpa anwani ya faragha, pengine ya kundi la 100.64 lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, na wateja wengi wakatokea duniani kwa anwani moja. Mgeni wa nje hana namna ya kumfikia mmoja wao bila kuitwa. Kinga hiyo ipo, lakini hakuna aliyeikusudia iwe kinga. Ilitokana na uhaba wa anwani za IPv4. Mtu huyo huyo akihamia ofisi yenye laini ya faiba na anwani ya umma, au akikodi seva mtandaoni, kinga inatoweka kimya kimya huku mazoea yakibaki. Tazama kumbukumbu za seva yoyote yenye anwani ya umma na poti 22 wazi: haipiti siku kabla ya kuona majaribio ya kuingia kwa majina ya root, admin, oracle, test. Hakuna anayekulenga wewe. Ni programu zinazopitia anwani zote duniani moja baada ya nyingine.

Mwaka 2016 programu moja ya namna hiyo, Mirai, ilikusanya laki kadhaa za kamera na rauta kwa kujaribu tu majina na maneno ya siri ya kiwandani kupitia telnet, kisha tarehe 21 Oktoba mwaka huo mtandao wa vifaa vya aina hiyo ukatumika kuiangusha kampuni ya huduma za DNS ya Dyn na tovuti kubwa zilizoitegemea. Kamera za ulinzi zimejaa kwenye kuta za Dodoma. Ndani ya nyingi kuna Linux, na wenye nyumba hawajui.

Nusu ya pili ya kazi ni ile inayoachwa. Tuchukulie ofisi imefanya yote: ss inaonyesha huduma zinazosikiliza ndani ya mashine tu, faiwoli inakataa kila kinachoingia. Mfanyakazi mmoja anataka kumalizia kazi akiwa nyumbani Swaswa. Kabla ya kuondoka anaandika ssh -R, amri inayofungua bomba la kurudi, kuelekea seva yake ya kukodi. Faiwoli inaona mawasiliano ya kutoka, inayaandika kwenye daftari na kuyaruhusu. Usiku anaingia kwenye ile seva ya kukodi na kupitia bomba hilo anarudi hadi kwenye kompyuta ya ofisini. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Kama yeye anaweza, na aliyeidukua seva yake ya kukodi anaweza.

AnyDesk na TeamViewer zinafanya kazi kwa msingi huo huo: programu inatoka kwenda kwa msambazaji wake nje ya nchi, na anayekusaidia anakutana nawe huko. Katika ofisi ndogo hii ndiyo njia ya kawaida ambayo mafundi wa mifumo ya mauzo na hesabu hutumia. Fundi anapiga simu, anaomba namba, anamaliza kazi, na programu inabaki imewashwa miezi na miezi ikiwa na nenosiri la kudumu alilojiwekea. Ukiniuliza nini kinanitia hofu zaidi kati ya sshd yenye funguo nzuri na programu hiyo iliyosahauliwa, sitasita kuitaja ya pili.

Mpangilio huo una gharama nyingine. Wawili waliopo Dodoma, mmoja Ipagala na mwingine Mtumba, huenda wakakutana kupitia mashine iliyoko ng'ambo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani. Aliyetegemea msambazaji wa ng'ambo alikwama, ilhali mawasiliano ya ndani ya nchi hayahitaji kupita baharini. Kwa hiyo siungi mkono msimamo wa kukataa kila kinachoingia milele. Ofisi inayohitaji watu wake waingie wakiwa mbali ni heri ifungue njia moja inayoijua kuliko kuacha kila mtu atoboe ya kwake kutoka ndani.

Kwa kazi hiyo napendelea WireGuard, aina ya VPN iliyoingizwa kwenye keneli ya Linux 5.6 mwaka 2020. Asiye na ufunguo sahihi hapati jibu lolote, hata la kukataliwa, na sshd inaweza kusikiliza kwenye anwani ya ndani ya WireGuard tu. Hapa kwetu kuna hatua ya ziada: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kujisajili. Ofisi inayojenga njia hiyo iliweke jambo hilo kwenye hesabu zake mapema.

Wapo pia wanaodhani hatari ya kutoka inaishia kwenye mabomba. Anayetumia ssh -A anaiacha mashine ya mbali itumie funguo zake kwa muda wote atakaokuwa ameunganishwa; mwenye root huko anaweza kuzitumia kuingia kokote zinakokubalika. Anayetumia ssh -Y anaipa programu ya mbali uwezo wa kusoma anachoandika kwenye madirisha mengine ya kompyuta yake. Zote mbili ni safari za kutoka. Zimwe, na ziwashwe tu kwa mashine unayoiamini kama yako. Panapohitajika kupita mashine moja ili kufika nyingine, ssh -J inatosha bila kukabidhi chochote.

Kuna woga mmoja wa haki unaowafanya wasimamizi waache kanuni zikiwa legelege: kujifungia nje. Seva ikiwa kwenye kituo cha data Kijitonyama na wewe uko Ilazo, kosa moja kwenye kanuni linakupandisha treni ya SGR kwenda Dar es Salaam. Kwenye Debian na Ubuntu kuna iptables-apply, inayoweka kanuni mpya, inakuuliza kama bado unaweza kuifikia seva, na usipojibu inarudisha zile za zamani. Kwa nftables, panga kwa at kurudisha kanuni za zamani baada ya dakika tano, kisha futa mpango huo ukishahakikisha. Na jaribu kwa kufungua dirisha jipya la ssh huku la kwanza likiwa bado wazi, kwa sababu lililo wazi tayari limo kwenye daftari na litaendelea kuishi hata kama kanuni zako ni mbovu.

Kisheria, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamshika anayeingia bila ruhusa. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamgeukia mwenye mashine pia: anayehifadhi taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Mhasibu wa Ipagala mwenye TIN, namba za NIDA na mishahara ya watu hawezi tena kusema hayo ni mambo ya fundi.

Ndiyo maana kwa seva ya aina hiyo ningekwenda hatua moja mbele na kuacha kuruhusu kila kinachotoka. Seva ya mishahara haihitaji kufika kila mahali. Inahitaji DNS, saa kwenye poti 123, hazina ya masasisho, mahali pa kupeleka nakala rudufu, na mifumo michache inayofahamika. Linux inaweza hata kuchuja kwa mtumiaji: akaunti inayopeleka nakala usiku itoke kwenda anwani moja, akaunti ya tovuti isitoke kabisa isipokuwa kujibu. Wiki ya kwanza usizuie. Andika tu kwenye kumbukumbu kila kinachojaribu kutoka nje ya orodha, kisha kaa na mwenye ofisi mpitie mstari kwa mstari. Humo ndimo programu ya fundi wa mwaka juzi hujitokeza, ikiita nyumbani kila baada ya sekunde chache.